Namna ya kuungana mtaani kuuza vyombo vilivyotumika

Ukitoa vitu vyako nje peke yako, watakuja majirani wawili na fundi redio. Kaya tano zikiungana, watu wanatoka hadi mitaa ya pili. Huku kwetu Dar es Salaam mauzo ya namna hii ndiyo ninayoyaandaa, na tunakwenda hivi.

1. Chagueni Jumamosi iliyo karibu na mishahara, kati ya tarehe 25 na tarehe 5. Masika yaacheni yapite. Mjumbe na serikali ya mtaa wapewe taarifa mapema, mgambo asije akaanza kuhoji meza zikiwa zimeshapangwa.

2. Safisheni, kisha mjaribu. Friji iyeyushwe barafu siku mbili kabla, ifutwe kwa maji ya limao, halafu iwashwe alfajiri ili mteja akitia mkono akute ubaridi. Vutieni umeme uani, mtu achomeke pasi au blenda mwenyewe. Simu na kompyuta ziondolewe akaunti na kufutwa kila kitu. Kibovu kiandikwe kibovu, mafundi hununua.

3. Bandikeni bei: 500, 1,000, 2,000, 5,000. Bei za namna hiyo hazisumbui chenji. Ongezeni kidogo cha kupunguza, maana ataomba tu. Nguo zitundikwe kwenye kamba. Ukizimwaga chini, mtu atakupa bei ya rundo. Vikombe na sahani wekeni mafungu.

4. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mwenye mali asiuze mali yake. Mama atamsimulia mteja jinsi kitanda kile kilivyolaza wanawe watatu, na bei haishuki. Badilishaneni meza. Muwe na daftari moja lenye kitu, mwenyewe, bei iliyobandikwa na bei ya mwisho. Mteja akisema, "Dada, nifanyie elfu kumi," muuzaji anachungulia daftari. Mwenyewe kaandika elfu tisa? Biashara imekwisha, piga mstari. Bei ya mwisho iandikwe usiku wa kuamkia mauzo, kabla ya mtu kuanza kukionea kitu chake huruma.

5. Picha zipigwe mchana na zitumwe kwenye magrupu ya WhatsApp pamoja na bei. Tangazo lisilo na bei linaleta maswali, wateja hawaji.

6. Pesa ishikwe na mtu mmoja mwenye noti ndogo za kutosha. Kwa malipo ya simu, msiridhike na meseji anayowaonyesha mteja, angalieni salio lenu. Kwa televisheni, friji au simu, toeni risiti ya dukani. Kama imepotea, andikeni karatasi ya mauziano yenye namba ya kifaa, majina na saini, mjumbe akishuhudia. Mnunuzi mwenye akili ataidai mwenyewe, kwani hakuna anayetaka kukutwa na mali ya wizi. Na milango ya nyumba ifungwe, hata kwa anayeomba choo.

7. Friji ikishauzwa, mwambieni mnunuzi isafiri imesimama kwenye guta au kirikuu. Ikilazimika kulazwa, ikifika iachwe wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

8. Ikifika saa nane mchana, shusheni bei zote nusu. Ikifika saa kumi, muuza chuma chakavu aitwe, nguo zilizobaki zifungwe za kugawa, na hesabu ipigwe kwa daftari palepale mezani, kila kaya ikisikia.