Lori la kabureta likimisi (silinda ikikosa kuwaka), anzia kwenye moto, yaani cheche za plagi

Usikimbilie kabureta, kichanganyio cha petroli na hewa. Unguja na Pemba, upepo wa bahari hushikisha kutu vigusio vya umeme vya ndani ya kifuniko cha distribyuta, kigawa umeme wa plagi; vifute kwanza.

Injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta), vaa glavu kavu za mpira, chomoa waya wa plagi mmojammoja. Mlio ukishuka, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, ndiyo mbovu. Fungua plagi yake: masizi makavu ni petroli nyingi, ncha nyeupe ni hewa nyingi, ikilowa petroli haipati moto. Mwanya wa plagi kwa kawaida ni 0.8 mm, wa pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta) 0.4 mm, ila kitabu cha gari ndicho hakimu.

Plagi zote nyeupe? Nyunyiza maji ya sabuni kwenye gasketi ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa na petroli kwenye injini. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Jeti, vitundu vya petroli vya kabureta, ziwe mwisho: zipulize, kamwe usizichokoe kwa waya, tundu litapanuka.