Kukadiria uga sumaku wa galaksi za Antennae kwa ramani mbili za redio

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini hesabu yake ya uga sumaku wa Antennae (NGC 4038/4039) inalipuka pale pale galaksi hizo mbili zinapogongana, kwingine ikitoa majibu ya maana. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

1. Chukua data za VLA (safu ya antena za redio huko Marekani) kwenye hifadhi ya NRAO, taasisi iliyoijenga: 1.4 GHz za mpangilio C wa antena, 4.9 GHz za mpangilio D. Kalibreti kwa CASA, programu ya kuchakata data za redio.

2. Tengeneza ramani kwa tclean (amri ya CASA ya kutengeneza picha), kigezo cha deconvolver kiwe multiscale. Hogbom, mbinu inayochukulia mng'ao wote kama nukta, achana nayo. Mng'ao uliotanda inaukatakata kuwa vidoadoa.

3. Tafuta α, yaani jinsi mng'ao unavyofifia masafa yakipanda. Hapa usikimbilie. Fomula ya Beck na Krause (2005), inayokadiria uga kutokana na mng'ao wa redio, ina (2α−1) kwenye asili, kwa hiyo α ikikaribia 0.5 jibu linaelekea kusiko na mwisho. Eneo la mgongano limejaa nyota changa, na gesi moto inayozizunguka ina α ya 0.1. Mng'ao wa gesi hiyo ukichanganyika na ule wa sinkrotroni (wa elektroni zinazozunguka ndani ya uga sumaku) huishusha α ya jumla. Uondoe mng'ao wa gesi kwenye ramani zote mbili kwanza, ndipo ukokotoe α. Ili kuukadiria, wengi hutumia Hα (mwanga mwekundu wa hidrojeni) peke yake. Mimi siikubali hapa, kwa kuwa vumbi la eneo hilo huificha. Iongezee picha ya infraredi ya darubini ya Spitzer, ya mikromita 24. Huna? Basi shikilia α moja ya sinkrotroni, kati ya 0.8 na 1, kuliko kuiamini ya jumla.

Kuna mtego wa upande wa pili. Kwa 4.9 GHz, mpangilio D hauoni kitu kipana kuliko dakika 4 hivi za tao, na mng'ao unaopotea huko huikuza α kwa uongo. Rudia tclean, uvrange (umbali kati ya antena, ukipimwa kwa maelfu ya urefu wa mawimbi, yaani kilolamda) iwe ileile kwa masafa yote mawili, kisha utumie imsmooth kulainisha picha zote hadi sekunde 15 za tao. Pikseli zilizo chini ya sigma 5 (mara tano ya kelele), zifute.

4. Ingiza kwenye fomula: K=100 (uwiano wa protoni kwa elektroni), unene wa tabaka linalong'aa kiloparseki 1. Unene usikukoseshe usingizi: α ikiwa 1, kipeo ni robo, hivyo kuukosea mara mbili hakusogezi uga hata kwa 20%.

5. Linganisha na Chyży na Beck (2004): wastani wa mikrogausi 20 hivi. Ukipata 0.2, hujageuza Jy (jansky, kipimo cha mng'ao wa redio) kwa bimu, yaani eneo dogo la anga ambalo ramani inaweza kulitenganisha, kuwa Jy kwa steradiani.