Kabla hujamwita mtu "simple" mbele ya mgeni

Waongoza watalii na wahudumu wa hoteli wa Moshi na Arusha, hili neno simple liangalieni vizuri. Kijiweni tukisema fulani ni mtu simpo, tunamsifu: hana makuu, anakaa na yeyote. Ila ukimwambia Mwingereza "our cook is a simple man", anaweza kuelewa kwamba mpishi wenu akili yake ni nzito. Sema "humble" au "down-to-earth", sifa itafika. "Simple food" na "simple life" hazina shida kabisa. Simplistic nayo wengi huidhani ni simple ya wasomi, kumbe ni lawama: wazo limerahisishwa hadi likapotosha.

Halafu simple si lazima iwe easy. Simple ni kitu kisicho na mambo mengi. Easy ni kisichokutoa jasho. Njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro kwa mfano ni simple: unatembea kwa miguu yako, hakuna kupanda kwa kamba, usiku unalala kwenye vibanda. Lakini thubutu kumwambia mgeni ni easy, kisha mkutane kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,700 na ushee, kichwa kinamgonga na kilele cha mita 5,895 bado kinamsubiri. Atakukumbusha, na bahashishi utaisikia kwa wenzako.

Mezani, wali mtupu ni "plain rice", na mtindi usiotiwa ladha ni "plain yoghurt". Plain hiyo msimpe dada wa watu, maana kwa sura ni kusema hana mvuto.