Jinsi ya Kutumia Soksi za Umeme Usiku wa Kupanda Kilele cha Kibo

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huondoka kambi ya Barafu au kibanda cha Kibo karibu na saa sita usiku, ili wafike Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, alfajiri jua linapochomoza. Saa hizo baridi huwa chini kabisa ya nyuzi sifuri, na kwa kuwa mwendo wenyewe ni wa pole pole, mwili hautengenezi joto la kutosha, hivyo hupunguza damu iendayo vidoleni ili viungo vya ndani visipoe. Ndiyo maana vidole hufa ganzi hata kwa aliyevaa soksi mbili nzito.

Soksi za umeme zina nyaya nyembamba sehemu ya vidole, na betri ndogo ya lithiamu hukaa katika kifuko juu ya kifundo. Zijaribu nyumbani ukiwa na viatu utakavyopandia, kwani kiatu kinachobana huzuia damu, na hapo betri haina msaada. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu, kwa maoni yangu, atangulize viatu vinavyomtosha. Soksi za pamba usizivae ndani yake, maana hunyonya jasho na kubaki mbichi.

Kazi kubwa ni kutunza betri. Zichaji Moshi au Arusha kabla ya safari, na ukisafiri kwa ndege, za akiba zibebe katika mzigo wa mkononi. Mlimani lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu baridi huzipunguzia nguvu upesi. Washa kiwango cha chini kabla miguu haijapoa. Kiwango cha juu kiache kwa dakika chache za mapumziko, vinginevyo utatoka jasho, na unyevu huo ndio utakaokugandisha baadaye.

Mwenye kisukari au asiyehisi vizuri miguuni amwone daktari kwanza, kwani anaweza kuungua bila kujua. Vidole vikigeuka vyeupe na vigumu, usiongeze moto: mwambie kiongozi wako, mteremke mara moja, wala usijaribu kuviyeyusha mahali ambapo vinaweza kuganda tena.

Jua likishapanda, zima. Ukirudi, toa betri, fua soksi kwa mkono bila kuzikamua, na uzianike kivulini.