Kutoa protini ya kuhamisha mafuta kwenye mahindi, na kupima kama kweli inahamisha

Mafuta yanayojenga utando wa seli hayapatani na maji, ndiyo maana fosfolipidi (ndiyo mafuta hayo) haivuki kirahisi kutoka utando mmoja hadi mwingine bila mbebaji. Mwaka 1975 Jean-Claude Kader, akiwa Paris, alionyesha kwamba viazi mviringo vina protini inayoyeyuka majini na kubeba fosfolipidi kati ya tando. Familia hiyo sasa inajulikana kwa kifupi LTP (kwa Kiingereza lipid transfer protein, yaani protini ya kuhamisha mafuta). Ile ya mahindi ya kundi la kwanza ina asidi amino 93 na uzito wa takriban daltoni 9,050. Ina sisteini 8 zilizofungana kwa madaraja 4 ya salfa, na katikati yake kuna mfereji ambamo mkia wa mafuta hujificha maji yasiufikie.

Kuitoa kwenye nafaka si kazi ngumu. Kazi ni kuthibitisha kwamba namba inayobadilika kwenye mashine inatokana na mafuta kubebwa, na si vijifuko (vipovu vidogo vya utando tunavyotengeneza kwa majaribio) kuungana au kushikana. Kwa hiyo hatua za kusafisha tutazipitia haraka, tukae zaidi kwenye kipimo.

Kutoa

Tumia dona, usitumie sembe. LTP ya nafaka iko kwa wingi kwenye tabaka la chini ya ganda na kwenye kiini, na hizo ndizo sehemu ambazo mashine ya kukoboa huondoa. Mahindi yawe ya chakula, si mbegu zilizopakwa dawa. Kabla ya kuanza, jua kwamba LTP ya mahindi ni kizio cha mzio kinachotambulika, kama ile ya pichi. Mwenye mzio wa vyakula hivi asishike unga wala protini kavu. Wengine wote wavae barakoa wakati wa kusaga.

Changanya gramu 100 za dona laini na mililita 400 za bafa baridi: Tris milimola 100, pH 7.5, EDTA milimola 5, askobati milimola 5. Koroga saa 2 kwenye nyuzi 4, chuja kwa kitambaa, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa g 10,000 dakika 30. Juu kutaelea tabaka la mafuta ya kiini. Usilimimine pamoja na maji: ingiza pipeti chini yake, au pitisha maji kwenye pamba. Mafuta hayo yakibaki yataziba safu ya kusafishia baadaye, na mengine yatakaa ndani ya mfereji wa protini.

Shusha pH hadi 5.1 kwa asidi asetiki, tone kwa tone huku ukikoroga. Acha saa 1 kwenye barafu, zungusha tena. Vipande vya tando na protini nyingi hushuka chini. LTP hubaki majini kwa sababu ni ya kibesi sana, pI yake (pH ambapo chaji zake hujifuta) ni karibu 9.

Sasa ongeza amonium salfeti gramu 226 kwa kila lita (kwenye nyuzi 0 hiyo ni asilimia 40), subiri nusu saa, zungusha, tupa mashapo. Kwenye maji yaliyobaki ongeza gramu 335 kwa lita ufike asilimia 90. Safari hii mashapo ndiyo mali. Yayeyushe kwa mililita 20 za sodiamu asetati milimola 20, pH 5.0.

Kwenye dialisisi, yaani kuondoa chumvi kupitia mfuko wenye vitundu vidogo sana, ndipo kazi ya siku mbili hupotelea. Mirija iliyozoeleka maabara hukata kwenye daltoni 12,000 hadi 14,000, na protini ya 9,050 hupenya taratibu usiku kucha bila mtu kujua. Asubuhi unakuta mfuko uko salama na ndani hamna kitu. Tumia mirija ya 3,500, ubadilishe lita 2 za bafa mara mbili.

Baada ya hapo unaweza kupasha joto: nyuzi 80 kwa dakika 10 kwenye pH 5.0, poza kwenye barafu, zungusha. Protini nyingine nyingi huganda, LTP haigandi. Sharti ni moja: pasiwe na DTT wala mekaptoethanoli, kemikali zinazokata madaraja ya salfa. Joto likikutana na vitu hivyo madaraja ya salfa hukatika, na mfereji hubomoka.

Pitisha kwenye safu ya CM-Sepharose (hushika protini zenye chaji chanya) ya mililita 10 katika asetati ileile, osha kwa ujazo mara 5, kisha ng'oa kwa NaCl inayopanda kutoka 0 hadi mola 0.5 ndani ya mililita 100. Sampuli ikiwa bado na chumvi, protini itapita moja kwa moja bila kushika, kwa hiyo usitupe maji ya kwanza mpaka umeyapima.

Angalizo kubwa: fuatilia safu kwenye nanomita 215 au 220, si 280. LTP hii haina triptofani na tairosini zake ni chache mno (hizo ndizo asidi amino zinazoonekana kwenye 280), kwa hiyo kwenye 280 mstari unaonekana mtupu wakati protini inapita. Kinachojitokeza kama mlima kwenye 280 mara nyingi ni uchafu. Kwa kiasi cha protini, kipimo cha rangi cha BCA kinaaminika kuliko cha Bradford. Kwenye jeli tumia Tris-trisini ya asilimia 16 na uikaze protini ndani ya jeli kabla ya kupaka rangi, la sivyo kitu kidogo namna hii huoshwa kikaenda na maji. Ukipata nafasi ya kupima uzito kwa spektromita, pima kabla na baada ya DTT: uzito ukiongezeka daltoni 8, madaraja yote 4 yalikuwepo.

Vijifuko vya majaribio

Unahitaji aina mbili. Watoaji wana fosfatidilikolini (aina ya fosfolipidi) ya yai pamoja na asilimia 10 ya fosfatidilikolini yenye paireni, kemikali inayong'aa ikiangazwa. Wapokeaji wana ya yai peke yake. Changanya ndani ya kloroformu kwa vyombo vya kioo, kamwe si plastiki. Kausha kwa naitrojeni, kisha weka kwenye vakyumu saa 1. Lowesha kwa Tris milimola 10, pH 7.4, NaCl milimola 100, EDTA milimola 1. Gandisha na kuyeyusha mara 5, halafu sukuma kupitia kichujio cha nanomita 100 mara 11 au 21. Idadi iwe witiri, ili mchanganyiko uishie upande wa pili wa kichujio na usirudi na mabonge ya mwanzo. Funika kwa karatasi ya aluminiamu, na tumia siku hiyohiyo.

Usipunguze chumvi wala kuongeza lipidi zenye chaji hasi ili kuharakisha kazi. LTP ina chaji chanya. Bila chumvi itavishikanisha vijifuko pamoja, na utapima ukungu ukidhani ni uhamisho.

Kipimo

Molekuli mbili za paireni zikikaribiana hutoa mwanga karibu na nanomita 475. Ikiwa peke yake, hutoa kati ya 378 na 397. Angaza kwenye 345. Mafuta yenye paireni yakichukuliwa kutoka utando uliojaa na kupelekwa utando usio nayo, mwanga wa 475 hushuka na ule wa 378 hupanda. Lazima uone vyote viwili. Vyote vikishuka pamoja, protini yako haijahamisha kitu: ama oksijeni inazima paireni, ama vijifuko vinazama.

Weka mililita 2 kwenye kyuveti, nyuzi 25, ikikorogwa, bafa ikiwa imepitishiwa naitrojeni. Ongeza watoaji mikromola 5 (hesabu ya lipidi yote), kisha wapokeaji mikromola 100. Soma dakika 5 bila protini. Mwanga utashuka kidogo hata hapo, kwa kuwa paireni yenye mkia mfupi huruka yenyewe kupitia maji. Kasi hiyo utaitoa kwenye hesabu. Ongeza LTP mikromola 0.5, soma dakika 10. Rudia na 1 na 2 kwenye kyuveti mpya. Kasi isipoongezeka pamoja na protini, simama utafute sababu kabla ya kuendelea.

Usidhani kushuka kwa asilimia 10 ya mwanga ni asilimia 10 ya mafuta yaliyohama. Mwanga wa 475 unategemea paireni mbili kukutana, kwa hiyo hushuka haraka kuliko idadi yenyewe. Tengeneza watoaji wenye paireni asilimia 10, 8, 6, 4 na 2, uchore mkunjo wako mwenyewe. Kwa alama ya mwisho, tengeneza vijifuko ambavyo tayari vimechanganyika: mikromola 105 zenye paireni asilimia 0.48. Wala usishangae kipimo kikisimama karibu na nusu ya njia. Protini hufikia tabaka la nje tu la kijifuko. La ndani halifikiki.

Majaribio ya kulinganishia

Kosa linalorudiwa mno ni kuchemsha LTP na kuiita "protini iliyokufa". Haijafa, uvumilivu huohuo wa joto uliotumia kuisafisha ndio unaokudanganya hapa. Iue kwa DTT milimola 10 kwenye nyuzi 60 kwa nusu saa, kisha iodoasetamidi milimola 25 gizani, halafu dialisisi. Albumini ya ng'ombe nayo haifai kulinganishia, maana yenyewe hushika mafuta. Lisozimu ni bora: ni ndogo, ya kibesi, na ina madaraja 4 ya salfa, lakini haina mfereji. Lisozimu ikikupa kasi sawa na LTP, unachoona ni chaji tu.

Mwisho pima ukubwa wa vijifuko kwa mtawanyiko wa mwanga kabla na baada. Vikiwa karibu na nanomita 100 mara zote mbili, hakuna kuungana. Vikifika 300 au zaidi, matokeo ya siku hiyo hayatumiki, hata kama mkunjo unapendeza.

Matokeo mazuri yanakuambia protini inaweza kubeba mafuta. Hayakuambii kwamba ndani ya mmea inayabeba kati ya tando za ndani ya seli. LTP hizi huzalishwa zikiwa na kipande cha kuzitoa nje ya seli, na nyingi hukutwa kwenye ukuta wa seli na ngozi ya juu, jambo linaloelekeza kwenye kazi ya nta na kutini, vifuniko vya nje vya mmea. Anayetafuta njia ya mafuta kutoka retikulamu endoplazimu hadi kloroplasti aende kwenye protini ziitwazo TGD za Arabidopsis, mmea mdogo wa utafiti. Kipimo hiki hakimjibu swali lake.

LTP safi igawanye mikrolita 50 kwa kila kijichupa, ugandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Vijifuko vilivyokwisha kusukumwa kwenye kichujio usivigandishe: hupasuka na kuungana.