Kisanduku cha Mninga cha Kumbukumbu za Mtoto

Zawadi nyingi za watoto zinazouzwa madukani hutofautiana kwa jina tu; likifutwa kwenye kikombe au fulana, kinachobaki ni kile kile alichopewa mtoto wa jirani. Mwongozo huu unahusu kisanduku cha mninga chenye kipande cha mbeleko, barua ya wazazi na maneno ya bibi au babu, ambacho familia ya Tabora inaweza kukiandaa kwa msaada wa fundi seremala mmoja bila kuagiza chochote kutoka mbali.

Mninga huota katika misitu ya miombo ya mkoa huu, na mbao zake zinajulikana kwa kila fundi. Sehemu ya ndani ya gogo, yenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, haishambuliwi kirahisi na mchwa wala haipindi sana inapokauka, lakini ile nyeupe iliyo karibu na gamba huliwa na wadudu. Kwa hiyo kagua mbao kabla hazijakatwa, na ukatae kipande chenye ukanda mweupe hata ukiambiwa kwamba vanishi itauficha. Si lazima kununua ubao mzima, kwa kuwa mafundi wa vitanda na makabati hubakiwa na vipande vifupi ambavyo mara nyingi vimekwisha kukauka vizuri. Ukihitaji mbao mpya, nunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Mpe fundi vipimo vya ndani, si vya nje: urefu sentimita 32, upana 23 na kina 12. Karatasi ya A4 ina sentimita 29.7 kwa 21, hivyo barua italala humo bila kukunjwa, na karatasi huanza kuchanika pale inapokunjwa. Kifuniko kiwe cha kusukuma ndani ya mfereji badala ya bawaba, kwa sababu kifuniko kizito cha bawaba hubana vidole vya mtoto. Mfereji uachiwe nafasi kidogo, maana mbao hutanuka wakati wa mvua, na kifuniko kilichobana mwezi Agosti huenda kisifunguke Januari. Sakafu inaweza kuwa ya plaiwudi.

Jina liandikwe kwanza kwenye karatasi, kwa tahajia ile ile iliyomo katika cheti cha kuzaliwa, kisha lihamishiwe juu ya kifuniko kwa karatasi ya kaboni kabla ya kuchongwa kwa patasi nyembamba hadi kina cha milimita 2 au 3. Fundi asiyekuwa na patasi ndogo anaweza kulichoma kwa msumari uliopashwa moto, na kwa maoni yangu herufi za namna hiyo hupendeza zaidi. Anayepiga msasa afunike pua na mdomo, kwani vumbi la mninga huwasha.

Kwa kung'arisha, Tabora ina nta nyingi kutokana na ufugaji wa nyuki, na kwa kisanduku cha mtoto mimi huichagua nta kuliko vanishi. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja, kwa sababu nta hushika moto. Ikiwa vuguvugu, ipake nyembamba kwa kitambaa, iache ipoe, kisha usugue mpaka mkono usinate. Paka nje tu. Ndani kubaki kukavu, ili nguo na karatasi zisiingie madoa.

Mbeleko ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi. Kama mtoto alibebwa kwa khanga, usikate popote tu: kata sehemu yenye jina, yaani yale maandishi, pamoja na ukanda wa pindo ulio chini yake, kwa maana huko mbele mtoto atasoma maneno yaliyokuwa mgongoni mwa mama yake. Kama ni kitenge, chagua mahali ambapo ua moja limekamilika. Fua bila kutia wanga, anika kivulini, kunja ukingo na uushone, kisha ufunge kipande hicho ndani ya kitambaa cheupe cha pamba.

Barua iandikwe kwa penseli au kalamu ya kawaida. Wino wa kalamu za rangi husambaa ukipata unyevu. Maneno ya jumla kama “tunakupenda sana” yatoshe mara moja, na nafasi iliyobaki ijae mambo ambayo hayapatikani kwingine: nani alimpeleka mama hospitali na kwa chombo gani, nani alichagua jina na kwa nini, kilo ya sukari iliuzwa bei gani mwezi huo. Jina lililotokana na msiba au dhiki lielezwe kwa upole, lakini lisirukwe, kwa kuwa mtoto ataulizia.

Bibi na babu wengi hawataandika, kwa hiyo warekodi kwa simu wakisema methali au wimbo wa kubembeleza kwa Kinyamwezi, halafu uyaandike maneno yote kwa lugha hiyo na maana yake kwa Kiswahili. Simu hupotea na kadi za kumbukumbu huharibika; karatasi ndiyo nakala ya kutegemewa.

Kisanduku kikae juu ya kabati au rafu, mbali na ukuta na sakafu, na kila mwaka mvua zikiisha kifunguliwe kivulini. Usitie vidonge vya naftalini: mtoto akivila ni sumu, na hata harufu yake inaweza kumdhuru mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuharibu chembe nyekundu za damu. Vifungo na shanga visiwekwe mpaka apite miaka mitatu.

Kwa Kulwa na Doto, yaani mapacha, tengeneza visanduku viwili na ugawe mbeleko moja vipande viwili, lakini barua ziwe tofauti kabisa. Shija, yaani mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, akifuata, apate chake, na katika barua yake aelezwe jinsi kaka au dada zake wawili walivyompokea.