Aprili ikifika wanabishana: mwongozo wa drafti ya NFL kwa Mswahili aliyeko Marekani

Nilifika Columbus, Ohio, Januari 2019, na kufikia Aprili nilikuwa nimeshazoea ghala, baridi na kupanda basi gizani. Kilichonishinda ni mapumziko ya chakula. Wenzangu mezani walivutana hadi mishipa ya shingo ikawatoka, kisa vijana wa chuo ambao hawajacheza hata dakika moja ya NFL, ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani. Siku moja nikaona nisiwe bubu. Nikauliza kwa nini Bengals, timu ya Cincinnati, hawatoi pesa wakamnunua Patrick Mahomes, nyota wa Kansas City, mambo yakaisha. Meza ikanyamaza, kisha ikaangua kicheko, na kwa wiki nzima dereva mmoja wa foklifti, mzee wa Cincinnati, akawa ananiita "tajiri".

Kama nawe unakula chakula chako kimya kila Aprili, nisikilize. Hujui sheria za mpira wa Kimarekani? Usitishike. Mchezo wenyewe wameukuta tangu utotoni, huko hutawafikia leo wala kesho. Lakini nani atakuwa nyota na nani atapotea, hata wao hawajui, na wale wanaolipwa mamilioni kujua wanakosea kila mwaka mbele ya televisheni. Wewe uliyekulia kwenye kelele za usajili wa Simba na Yanga, ukabishana kutwa juu ya mshambuliaji ambaye hujawahi kumwona akigusa mpira, mtaji unao tayari.

Siyo drafti ya vizibo

Drafti hii si ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ni zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya. Timu ziko 32, raundi saba, na aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua wa kwanza. Bingwa huchagua wa mwisho katika raundi. Mchezaji hachagui timu. Na kijana hawezi kutoka sekondari moja kwa moja, lazima ipite miaka mitatu tangu amalize, ndiyo maana karibu wote wanatoka vyuoni. Ukiwa na mwanao anayecheza shuleni na mtu akakuahidi njia ya mkato, hiyo njia haipo.

Utaratibu ulianza 1936 katika hoteli moja ya Philadelphia, kwa wazo la Bert Bell, mmiliki wa Eagles, aliyechoka kuona timu tajiri zikijizolea wachezaji wote wazuri. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza mpira wa kulipwa hata siku moja. Yaani mkosi wa chaguo la kwanza ni wa siku ileile ya kwanza.

Ukielewa hapo utaona kwa nini swali langu la Mahomes liliwachekesha. Kwetu klabu yenye fedha inampokea mchezaji uwanja wa ndege usiku, skafu shingoni, biashara imekwisha. Hapa kuna kikomo cha mishahara kwa kila timu, na mshahara wa mgeni wa ligi hupangwa kwa namba aliyochaguliwa. Hadi 2010 haikuwa hivyo: Sam Bradford, chaguo la kwanza mwaka huo, alisaini mkataba wa takribani dola milioni 78 kabla hajacheza. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa na Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akapata milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kijana mzuri ni mali ya bei poa. Ukimpata kwotabeki wako, yaani mrusha mipira anayeongoza mashambulizi, akiwa bado mchanga, zile pesa ulizookoa unamzungushia walinzi wa kumkinga na wadakaji wa mipira yake. Kwotabeki Brock Purdy aliipeleka San Francisco 49ers Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Februari 2024 akiwa na mshahara wa msingi usiofika dola milioni moja kwa mwaka.

Ubishi wa 2021

Ukitaka kujifunza kwa mfano mmoja, jifunze huu. Huku Ohio hautaukwepa.

Bengals walikuwa na Joe Burrow, kwotabeki aliyekulia Ohio hiihii, akakosa namba chuo cha Ohio State, akahamia chuo cha LSU cha Louisiana na kuwa bingwa wa vyuo. Walimchagua wa kwanza 2020. (Alipopimwa kabla ya drafti ile kiganja chake kilikutwa inchi 9, watu wakasema kidogo, naye akatania kwamba huenda ikabidi astaafu.) Novemba mwaka huohuo, katika mechi dhidi ya Washington, akaangukiwa na goti likachanika. Timu ikamaliza na ushindi wa mechi nne tu, ikapata nafasi ya tano.

Hapo ndipo nyumba zilipogawanyika. Upande mmoja ukamtaka Penei Sewell wa Oregon, jitu la ukutani, kazi yake kusimama mbele ya kwotabeki asiguswe. Upande wa pili ukamtaka Ja'Marr Chase, mdakaji aliyecheza na Burrow kulekule LSU na kujuana naye kwa macho. Wote wawili walikuwa wamekaa nje msimu mzima wa 2020 kwa ajili ya korona, kwa hiyo watu walikuwa wakibishana kwa video za mwaka juzi. Mikono ya Sewell ikapimwa inchi 33 na ushee, ikazuka kesi kwamba ni mifupi kwa mlinzi wa pembeni.

Mzee wangu wa foklifti alikuwa wa Sewell. Alichana mfuniko wa boksi, akachora duara moja akaliandika "Joe", na mbele yake misalaba mitano, ndio walinzi wake. Akaufuta kwa kidole msalaba wa kushoto. "Nani anakaa hapa?" Kila aliyemtaja Chase aliulizwa swali hilohilo. Kijana mmoja wa pakiti akamjibu kwamba walinzi mwaka huu wako wengi, unaweza kumpata raundi ya pili, ila mdakaji wa namna ile hapatikani tena. Zishike hoja hizo mbili, pengo na wingi, maana ndizo zinazozunguka kila Aprili kwa majina mapya.

Bengals wakamchukua Chase. Sewell akaenda Detroit kwa namba saba. Msimu huohuo Chase akawa mgeni bora wa upande wa ushambuliaji, Bengals wakafika Super Bowl, Burrow akaangushwa mara saba, wakafungwa na Rams 23 kwa 20. Katika robo fainali dhidi ya Tennessee alikuwa ameangushwa mara tisa, na bado wakashinda. Yule mlinzi wa raundi ya pili hakuziba pengo. Sewell kwa upande wake akawa miongoni mwa walinzi bora wa ligi nzima, na Chase mwaka 2024 akaongoza ligi kwa mipira iliyodakwa, yadi na tachidauni, ambazo ndizo kama mabao ya huku. Sasa niambie nani alikuwa sahihi. Mimi binafsi ningemchukua Chase, lakini siyasemi hayo karibu na foklifti.

Maswali ya kuulizia

Ukiwa mgeni, uliza, usitangaze. Swali la kwanza ni lile la pengo: "Ninyi mmeoza wapi?" Shabiki yeyote atakujibu kwa dakika kumi na atakupenda. La pili: wanachagua kwa pengo, au kwa ubora wa mchezaji hata kama nafasi yake imejaa? Hapa tuna mfano wa nyumbani kabisa. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda aliyeuawa 1972 enzi za Idi Amin, alizaliwa Indianapolis na kusoma Boston College. Mwaka 2006 New York Giants walimchukua kwa namba 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza. Giants hawakuwa na njaa ya mtu wa nafasi yake: walikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora, na mwaka uliotangulia walishamchukua Justin Tuck. Wakamchukua hivyohivyo. Baadaye walimhamisha nafasi, akacheza nao hadi msimu wa 2014, na Giants wakatwaa Super Bowl mbili akiwa kikosini. Mtu wa Kampala akikuuliza mambo haya yanatuhusu nini, mpe jina hilo. Wa Kinshasa mpe Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa huko, akakulia Kanada, na kuchaguliwa wa nane na Carolina mwaka 1996.

Swali la tatu ni la biashara: tubaki hapa, tupande, au tushuke? Timu hubadilishana zamu kama wapangaji wanaobadilishana vyumba. Tangu miaka ya 1990 kuna jedwali lililotoka Dallas Cowboys linaloipa kila namba alama: ya kwanza 3,000, ya pili 2,600, ya 32 inapata 590. Siku hizi timu nyingi zina hesabu zao, lakini mashabiki bado wanalitumia kama mizani ya sokoni. Kansas City walitoka namba 27 wakapanda hadi 10 mwaka 2017 kumfuata Mahomes. Chicago mwaka huohuo walipanda kutoka tatu hadi mbili, hatua moja tu, wakamchukua kwotabeki Mitchell Trubisky, wakamwacha Mahomes. Mashabiki wa Chicago hawajapona, na usiwe wewe wa kuwatonesha.

Adabu za mezani

Jua uko mji gani. Columbus iko katikati ya Cleveland na Cincinnati, kwa hiyo meza moja ina Browns wa Cleveland, Bengals, na kila mara kuna mtu wa Steelers, timu ya Pittsburgh, aliyejificha. Wote kwa pamoja ni watu wa Ohio State, na kila mmoja anataka timu yake ichague kijana wa Ohio State hata kama hamhitaji. Mwaka 2016 chuo hicho kilitoa watano raundi ya kwanza peke yake, na 2025 wakatoka 14 kwa jumla, kwa hiyo ushabiki wao una pa kusimama.

Kosa langu la pili kubwa nililifanya hapo. Nilikuwa nimesoma kwamba kwotabeki Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000 kisha akatwaa ubingwa mara saba, nikaona ndio mfano wa kuthibitisha kwamba namba si kitu. Brady alisoma Michigan, mahasimu wa Ohio State. Huku, wiki ya mechi yao na Michigan, kila herufi M kwenye vibao vya chuo hubandikwa utepe mwekundu. Tumia Purdy: namba 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa, na katoka Iowa State ambako hakuna wa kukasirika.

Kwa mtu wa Browns, pole kwanza. Brady Quinn 2007, Brandon Weeden 2012, Johnny Manziel 2014: makwotabeki watatu, wote kwa namba 22, wote wakapita kama upepo. Mwaka 2018, baada ya kufungwa mechi zote 16, walichagua wa kwanza wakamchukua Baker Mayfield, na katika raundi hiyohiyo makwotabeki wenzake Josh Allen na Lamar Jackson wakaenda kwingine na baadaye wote kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Ukimwona mtu wa Browns anamkataa kila kwotabeki wa chuo, anaugulia majeraha ya zamani.

Jambo moja linataka ulimi wa taratibu. Kila mwishoni mwa Februari vijana hupelekwa Indianapolis kupimwa: urefu, uzito, mikono, mbio za yadi 40 ambazo ni kama mita 36 na nusu, na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Wengi wao ni Weusi, na wanaowapima na kuwamiliki kwa sehemu kubwa siyo. Wapo Wamarekani Weusi wanaoitazama picha ile kwa uchungu. Mimi mtu wa Pwani, niliyepelekwa na shule Bagamoyo kuonyeshwa minyororo, mara ya kwanza nilizima simu. Sikuambii usitazame, mimi natazama. Ila vichekesho vya "kununuliwa" na "kupimwa meno" viache nyumbani.

Siku zenyewe

Hufanyika mwishoni mwa Aprili, Alhamisi hadi Jumamosi. Raundi ya kwanza ni Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, sawa na saa tisa usiku Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo usimpigie mtu simu kumsimulia. Ya pili na ya tatu ni Ijumaa jioni, zilizobaki Jumamosi kuanzia mchana. Huhitaji kulipia kebo: kituo cha ABC huionyesha, na inanaswa kwa antena ya kawaida ya dirishani. Ukiwa zamu ya usiku, lala tu, Ijumaa asubuhi utasimuliwa upende usipende. Mji mwenyeji hubadilika kila mwaka, na kiingilio huwa cha bure kwa kujiandikisha kwenye programu yao ya simu. Mwaka 2021 ilikuwa Cleveland, saa mbili kwa gari kutoka kwangu, na sikwenda. Najilaumu hadi leo.

Kazini watapitisha karatasi ya kutabiri kumi wa kwanza, dola tano kwa kichwa. Toa kama unazo, ni bei ya kiti mezani. Jaza majina wanayoyataja wenzako zaidi, kisha weka moja la ajabu na ulitetee kwa uso mkavu.

Jumatatu kila mtu atatoa alama za mitihani: timu hii A, ile D. Ukiulizwa, sema tuongee baada ya miaka mitatu. Watakuona mzoefu. Mzee wangu wa foklifti bado analo lile boksi la 2021, kalibandika ndani ya kabati lake la nguo, na kwenye nafasi ya ule msalaba aliofuta kaandika SEWELL kwa kalamu nzito. Ukimkuta, usimtajie Chase kabla hajanywa kahawa.